Hiyo Kumi Bora Yenu ya Kagera Sugar ni ya Simba na Yanga, Siyo Yetu

Nimekaa kimya wiki nzima nikidhani litapita. Halijapita. Kila grupu la WhatsApp ninalofungua nakuta ile listi, kila stetasi ni ile listi, mpaka binamu zangu wa kule Nshamba wanaofuatilia mpira kupitia redio ya jirani wameiweka na vialama vya moto. "Wachezaji 10 Bora wa Muda Wote wa Kagera Sugar." Mwenye nayo ni jamaa mmoja mwenye ukurasa mkubwa hapa mjini. Simtaji. Anajijua, na nyie mnamjua, maana ni yule yule wa ile kiki ya mwaka jana ambayo nayo siitaji.

Mapicha makali, maandishi ya rangi ya dhahabu, wimbo wa huzuni kwa nyuma. Ila ukiisoma yenyewe ni chai tupu.

Na nisieleweke vibaya. Sijakasirika kwa sababu fulani kawekwa wa nne badala ya wa pili. Hayo ni mambo ya kijiweni, watu wanabishana huku wanatafuna kahawa na jioni wanakaa meza moja. Kilichonikera ni kipimo. Soma maelezo yaliyo chini ya kila picha. Wa kwanza: amechezea Simba. Wa pili: alisajiliwa na Azam. Wa tatu: nyota wa zamani wa Simba na Yanga. Anashuka hivyo hivyo mpaka wa kumi. Maelezo kumi, na neno Kaitaba halimo hata mara moja! Hamna mechi, hamna bao, hamna msimu. Sasa hao ni magwiji wa Kagera Sugar au ni abiria waliopita Bukoba wakiwa njiani kwenda Dar?

Kwetu kila mtu anajua kibanja. Mkungu wa ndizi unaopanda lori kwenda kuuzwa mbali ni mzuri, hela yake tamu, hakuna anayekataa. Lakini mama akiulizwa mgomba gani umemlisha vizuri, haonyeshi lori. Anaonyesha ule uliokuwa unatoa mwaka wa jua kali. Mimi wachezaji nawapima hivyo. Ulipovaa jezi yetu ulifanya nini, na ulikifanya timu ikiwa kwenye hali gani. Ulikotoka na ulikokwenda baadaye ni historia ya mtu mwingine, waache wenyewe waiandike.

Tuanze na namba moja wao, Juma Kaseja.

Kwanza heshima. Kaseja ni Kaseja, kipa wa Simba miaka na miaka, akadaka na Yanga, akawa nahodha wa Taifa Stars, akapita Mbeya City kabla ya kuja kwetu mwishoni mwa mwaka 2016 kwenye dirisha dogo. Mwaka 2018 akaenda KMC. Hesabu mwenyewe: ni msimu mmoja na nusu. Jamaa kamweka wa kwanza na maelezo yote aliyoandika ni ya Simba! Yaani amepewa nafasi ya kwanza ya timu yetu kwa kazi aliyofanya kwenye timu nyingine. Ni sawa na kumpa mtu zawadi ya mkulima bora wa Muleba kwa shamba lake la Morogoro.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na sababu ya kweli kabisa ya kumweka kwenye kumi bora, na hakuiona.

Tarehe 19 Mei 2018. Uwanja wa Taifa, Dar. Simba wameshakuwa mabingwa, hawajafungwa mechi hata moja ya ligi msimu mzima. Rais Magufuli yupo jukwaani, amekuja kukabidhi kombe. Uwanja mwekundu wote. Kagera Sugar wamealikwa kama wale watu wanaoitwa kwenye harusi ili viti visibaki wazi. Dakika zinakwenda, hamna bao, watu wanasubiri tu sherehe ianze. Halafu zikiwa zimebaki dakika chache Edward Christopher, kijana aliyelelewa na Simba hao hao, anafunga. Moja bila. Simba wanapata penalti na anayekwenda kuipiga ni Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa msimu ule, mtu wa mabao 20. Kaseja akaipangua. Mpira ukaisha. Ndiyo mechi pekee Simba waliyopoteza kwenye ligi msimu wa 2017/18, tena mbele ya mkuu wa nchi, kombe likiwa pale pembeni limeng'arishwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kumweka Kaseja. Penalti moja, ikiwa na jezi ya Kagera Sugar. Ungeandika hiyo tu, ningekupigia makofi hata ukimweka wa kwanza.

Na Edward Christopher yupo wapi kwenye ile listi? Hayupo. Aliyefunga bao lile HAYUPO. Ila nafasi ya saba kuna kaka mmoja ambaye tukianza kuhesabu mechi alizomaliza dakika zote 90 na jezi yetu, vidole vya mikono miwili vinaweza kubaki. Watu wenye macho wanasema yeye na mwenye ukurasa ni washikaji wa damu, mapicha yao ya kule ufukweni yapo, nyama choma na miwani ya jua. Mimi sijasema kitu. Nimesema nafasi ya saba.

Kuna wanaotaka kumtoa Kaseja kabisa kwa sababu ile 2025 tulipokuwa tunashuka yeye ndiye alikuwa kwenye benchi kama kocha. Hapana jamani. Tunapanga wachezaji. Kocha apimwe na makocha wenzake, na huko nako kuna foleni yake: King Abdallah Kibadeni alitufikisha nafasi ya 4 msimu wa 2012/13 na ulipoisha tu Simba wakamchukua. Unaona? Hata makocha wetu wakifanya vizuri wanageuka habari ya Kariakoo.

Sasa twende kwenye msimu ambao mimi nauona ndio mkubwa kuliko yote, na ambao mwenye ukurasa kaupa sentensi moja.

Msimu wa 2016/17. Kwa mtu wa Kagera huwezi kuuelezea bila tarehe 10 Septemba 2016. Jumamosi ile mchana ardhi ilitikisika, nyumba zikadondoka Hamugembe, Kashai, mpaka vijijini, watu wakafa, Ihungo na Nyakato wanafunzi wakarudishwa nyumbani kwa sababu majengo hayakufaa tena. Watu walilala nje. Ligi ilikuwa imeshaanza. Ndiyo mji ambao timu hii ilikuwa inarudi kuuchezea, na kocha mpya Mecky Maxime aliyetoka Mtibwa. Ungetegemea nini? Mimi ningesema tukiponea kushuka tumshukuru Mungu.

Tulimaliza wa 3. Juu yetu Yanga na Simba tu. Azam na hela zao zote walikuwa nyuma yetu.

Mtu wa msimu ule anaitwa Mbaraka Yusuph. Mabao 12 kwenye ligi. Mfungaji bora alikuwa na 14, kwa hiyo pima mwenyewe alikuwa umbali gani. Mwezi Machi 2017 kocha Salum Mayanga akamwita Taifa Stars, tukacheza na Burundi, tukashinda 2-1, na bao la ushindi kafunga yeye, mchezaji wa Kagera Sugar. Siku chache baadaye, tarehe 2 Aprili, Simba wakaja Kaitaba wakiwa wanausaka ubingwa. Wakafungwa 2-1.

Na hapa ndipo panapochekesha. Simba wakakata rufaa kwamba beki wetu Mohammed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikawapa Simba pointi tatu za mezani. Nchi nzima ikawa haizungumzi kitu kingine, kadi za Fakhi zilihesabiwa kuliko hela za harambee. Kisha maamuzi yakatenguliwa, pointi zikarudi kwetu. Mwisho wa msimu Yanga pointi 68, Simba pointi 68. Yanga bingwa kwa tofauti ya mabao. Rudia kusoma hapo. Zile pointi tatu za Kaitaba ndizo zilizoamua ubingwa wa Tanzania! Timu ya kiwanda cha sukari, mji ukiwa bado una maturubai, ikaamua nani awe bingwa.

Mbaraka kwenye ile listi ni wa sita, na maelezo yake ni kwamba "alisajiliwa na Azam". Basi. Msimu wake mkubwa kuliko yote aliucheza hapa, mbele yetu, halafu sisi wenyewe tunamkumbuka kwa basi alilopanda kuondoka.

Watatuita nshomile, watatutania kwamba Mhaya akinunua baiskeli anaitangaza kanisani. Wanaotutania hivyo waje waone. Mpira tumeshindwa hata kujisifu. Tunasubiri Dar waseme nani wetu ni mzuri ndipo na sisi tuseme.

Kuna hoja moja najua inakuja, na aliyeileta kwangu ni mzee wangu mmoja namheshimu sana, mtu wa Kamachumu. Anasema: "Mwanangu, mchezaji akichukuliwa na Simba maana yake ni bora. Simba hawanunui takataka." Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Simba na Yanga wananunua wachezaji kila dirisha kama watu wanavyonunua nguo za sikukuu, nyingine zinavaliwa siku moja. Mchukue Yusuf Mhilu. Msimu wa 2019/20 alikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi, na jezi yetu. Mwaka 2021 akaenda Simba. Uliza mtu wa Simba yeyote akutajie mabao matatu ya Mhilu pale, umpe muda mpaka kesho. Uliza mtu wa Rwamishenye akutajie matatu ya Kaitaba, atakuonyesha na goli lilikuwa upande gani. Mhilu ni mkubwa kwa sababu ya Kaitaba. Kwenda Simba hakujamwongezea kitu kwenye hesabu zetu, na kutong'ara kule hakujampunguzia.

Awesu Awesu vivyo hivyo. Fundi kweli kweli, aliondoka hapa mwaka 2020 kwenda Azam, baadaye KMC, baadaye Simba. Namkubali kiwango. Lakini kwenye listi ya Kagera Sugar namhesabia siku alizokuwa hapa, na siku hizo hazitoshi kumweka juu ya watu waliokaa.

Watu waliokaa. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo na mimi.

Vijana wa mwaka 2000 na kuendelea wengi hamkumbuki, au hamjui, kwamba kuna kipindi Kagera Sugar haikuwa na nyumbani. Tarehe 1 Novemba 2014 tuliwafunga Yanga Kaitaba moja bila, bao la Paul Ngwai. Baada ya hapo Kaitaba ikafungwa kuwekewa nyasi bandia. Ikawa tunacheza mechi za "nyumbani" CCM Kirumba Mwanza. Halafu Kambarage Shinyanga. Halafu msimu uliofuata Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Tabora! Bukoba mpaka Tabora siyo pua na mdomo. Shabiki wa Muleba ambaye alizoea kupanda Hiace asubuhi akaona mechi na kurudi kulala kwake, akawa timu yake inacheza nyumbani mkoa ambao hajawahi kufika. Mechi za nyumbani unacheza mbele ya watu wasiokujua, wengine wamekuja kushangilia mgeni wako.

Timu nyingi zingeshuka hapo. Sisi hatukushuka. Desemba 2014 tukiwa katikati ya balaa hilo tulikwenda Dar tukawafunga Simba moja bila, bao la Atupele Green, siku moja baada ya Krismasi. Rashid Mandawa alikuwa anafunga mabao msimu ule kama anadaiwa kodi. Msimu uliofuata ulikuwa mgumu zaidi, tuliponea tu. Lakini tuliponea, na kwa sababu tuliponea ndiyo maana kukawa na Mbaraka, kukawa na nafasi ya 3, kukawa na 19 Mei. Hamna Kaseja wa Kagera Sugar bila wale waliokesha barabarani kwenda kucheza "nyumbani" Tabora.

Na mtu aliyekuwa katikati ya kiwanja kipindi chote hicho, aliyekuwepo wakati wa Kibadeni, akawepo kwenye kutangatanga, akawepo wakati wa Maxime, akavaa kitambaa cha unahodha, anaitwa George Kavila. Kiungo. Hakuwa mtu wa klipu. Hukuwahi kuona video yake ikizunguka mtandaoni akimpiga mtu chenga. Alikuwa mtu wa kupokea mpira wakati wengine wanajificha na kuutoa ukiwa salama. Wachezaji walikuja, wakang'ara, wakachukuliwa, unaangalia katikati, Kavila bado yupo.

Mwenye ukurasa hajamweka. Siyo wa tisa, siyo wa kumi, hata kwenye "waliokosa nafasi" hayupo. Sababu ni rahisi, ukitafuta jina lake mtandaoni picha ni chache na nyingine zina giza. Kwa hiyo gwiji wa timu yetu anachaguliwa na nani ana picha nzuri. Kaka, hiyo ni kazi ya studio.

Kuna na kundi jingine limenitumia meseji kutoka upande wa pili kabisa. Hawa wanasema listi ni mbovu kwa sababu haina Wahaya. Wanataka wahesabiwe wazawa tu. Waitu, tuacheni. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda kilichopo Misenyi, na kiwandani penyewe watu wametoka kila kona ya nchi. Timu hii imejengwa na vijana wa Dar, wa Zanzibar, wa Kigoma, wa Mbeya, waliokuja kuijua senene ukubwani. Aliyekesha kwenye basi kwenda Tabora ni wetu. Tukianza kuulizana babu yako kazikwa wapi, tutabaki na wachezaji watatu na kocha wa viungo.

Ila na sisi mashabiki tuna ugonjwa wetu, nao nausema. Hata tunapokataa listi ya Simba na Yanga, mechi tunazozikumbuka ni zile tulizowafunga Simba na Yanga. Mimi mwenyewe juu hapo nimezipanga kama shanga. Angalia msimu wa 2018/19. Simba wametoka kucheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe, wiki moja baadaye wakafungwa Kaitaba, na mwezi uliofuata tukawafunga tena huko huko kwao. Nyumbani na ugenini, mabingwa wa nchi. Kila mtu anakumbuka. Lakini msimu huo huo tulikuwa tunazama! Tulimaliza kwenye eneo la mchujo na tukalazimika kucheza na Pamba ya Mwanza kutafuta nani abaki Ligi Kuu. Tukabaki. Sasa bila kugugo, wewe unayejiita shabiki wa damu: nani alifunga dhidi ya Pamba? Umeona? Bao la kumfurahisha mtani wa Simba unalikumbuka, bao lililokulindia Ligi Kuu miaka mingine sita hulijui.

Ndiyo maana naliongelea hili kwa hasira. Mwaka 2025 tulishuka, sisi na KenGold. Baada ya karibu miaka 20 ya Ligi Kuu. Watoto walioanza shule mwaka huu watamkuta Kagera Sugar kwenye Championship na watauliza kwani hawa walikuwa nani. Klabu haina jumba la kumbukumbu, haina kitabu. Ukizunguka Kaitaba yote hukuti ukuta wenye majina. Kwa hiyo posti ya jamaa mmoja aliyoitengeneza usiku akiwa na bando la kutosha ndiyo itakuwa historia. Na dogo wa Muleba anayecheza peku kwenye kiwanja cha shule atasoma kwamba watu kumi wakubwa wa timu ya mkoa wake ni wale walioikimbia mapema. Akipata nafasi ya kuvaa jezi ile ataivaa kama mtu anayesubiri gari stendi.

Mnaopenda kupiga picha pale uwanjani kila timu inapokabidhiwa jezi, na nyie mnajijua: rangi ya ukutani siyo bei ya kutisha. Andikeni majina. Anzeni hata na manahodha tu.

Maana pia tumeanza historia katikati. Listi ile inaanzia 2016, kana kwamba kabla ya simu janja hapakuwa na mpira. Kuna kizazi kilichobeba Kombe la Tusker mwaka 2006, Kagera Sugar hii hii. Wapo wengine wao wanatembea Bukoba hii hii mnapishana nao sokoni na hamuwasalimii. Na kabla ya sukari kulikuwa na RTC Kagera, timu ambayo baba zetu wakianza kuisimulia chai inapoa. RTC siyo Kagera Sugar, najua, siwachanganyi. Lakini ukisema "muda wote" halafu unaanzia mwaka ulionunua simu, basi sema "tangu ninunue simu".

Haya, mmezidi kuniuliza yangu ni ipi. Siyo kumi, maana nafasi tatu naziacha wazi kwa kizazi cha 2006. Nataka waliowaona wakicheza ndio wazijaze, na majina yakija na ushahidi nayaingiza.

Wa kwanza Kavila, nimeshasema sababu. Wa pili Mbaraka Yusuph, kwa msimu mmoja ambao ulikuwa mkubwa kuliko maisha ya wengine wote kumi. Kama kuna mtu anataka kuwabadilisha hao wawili sitagombana naye sana. Wa tatu Themi Felix, ambaye vijana mmemsahau kabisa, straika wa kikosi cha Kibadeni, aliyewafunga Yanga Kaitaba Oktoba 2012 siku ambayo mji ulifunga maduka mapema. Wa nne Kaseja, kwa ile penalti na kwa kuwa nyuma ya timu iliyomaliza wa 3. Wa tano Edward Christopher, na kama bado unauliza kwa nini, rudi juu. Wa sita Mhilu. Wa saba nampa David Luhende, beki wa kushoto, mtu aliyeshavaa jezi ya Yanga halafu akatupa sisi miaka yake ya kazi bila kelele. Mandawa na Ngwai wanabisha hodi mlangoni, na Atupele naye kwa lile la Desemba.

Kumbuka wa saba wangu ni nani, kisha kumbuka wa saba wa yule jamaa ni nani. Nimemaliza.

Koment ziko wazi, mtukane kwa adabu. Sharti ni moja: kila jina unaloleta, lilete na mechi yake au msimu wake. Ukiandika "alikwenda Simba" peke yake, nafuta.